Tatlong Taong Walang Diyos (1976): penzi la mwiko wakati wa vita, filamu ya Kifilipino ambayo haijapewa heshima yake

Kalamu ya Usiku (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Humu ndani tamthilia za Kifilipino zina wapenzi wengi na nyuzi zake hazikauki. Ila filamu za zamani za nchi hiyo hazitajwi kabisa, wakati miaka ya 1970 Manila ilikuwa inatoa kazi nzito kwelikweli. Leo nawaletea moja ambayo nimeitazama tena na tena na bado haijanitoka: Tatlong Taong Walang Diyos, yaani Miaka Mitatu Bila Mungu. Imeandikwa na kuongozwa na Mario O'Hara, imetoka mwaka 1976. Miaka mitatu inayotajwa ni ile ambayo Wajapani waliikalia Ufilipino, kuanzia 1942.

Nitaeleza mpaka mwisho wake. Ambaye hataki kujua mapema, aishie hapa, akaitafute kwanza.

Rosario (Nora Aunor) ni mwalimu wa shule katika mji mdogo. Ana mchumba, Crispin (Bembol Roco). Vita vinapofika, Crispin anaingia msituni kupigana na Wajapani, Rosario anabaki na wazazi. Kisha anaingia Masugi (Christopher de Leon), ofisa wa jeshi la Japani ambaye ana damu ya Kijapani na ya Kifilipino. Anafika nyumbani kwa kina Rosario akiwa na rafiki yake daktari, Francis. Wanakunywa. Masugi anambaka Rosario.

Nimeliandika neno hilo wazi kwa makusudi, maana filamu yenyewe hailizungukizungui.

Baadaye Masugi anarudi. Anaomba radhi, analeta chakula, na ni wakati ambao mchele umekuwa kama dhahabu. Rosario hataki kumwona wala kukiona chakula chake. Ila ana mimba. Halafu baba yake anakamatwa na Wajapani, na mtu pekee mwenye uwezo wa kumtoa ni Masugi, naye anamtoa. Wazazi wanaanza kulegea. Rosario anachelewa sana kulegea, na huko kuchelewa ndiko kunakoibeba filamu nzima. Mwishowe anaolewa na Masugi, wanapata mtoto, na kwa namna ambayo mtazamaji anaiona ikitokea lakini hawezi kuitia kidole, anampenda.

Mji haumsamehi. Kwao yeye ni mke wa adui, basi. Wamarekani wanaporudi na Wajapani wanaanza kukimbia, Masugi anauawa, na Rosario naye hasalimiki mikononi mwa watu wake mwenyewe. Hauawi na Wajapani. Anauawa na upande ulioshinda.

Nimesoma watu wakiiita filamu ya mapenzi ya kihistoria, na sipingi. Lakini mimi naona swali lake kubwa ni jingine: vita vikiisha, deni lake analipishwa nani? Nitashuka kidogo kidogo, ruksa kuchangia.

Mraibu wa Filamu

Nimekaa mbele kabisa mkuu. Huyo Nora Aunor ndiye yule wa Himala? Kama ni yeye, basi nitaisaka leo leo.

Kalamu ya Usiku

Ndiye huyohuyo. Himala ilikuja 1982, hii iliitangulia kwa miaka 6. Na hii ilitoka kwenye kampuni yake mwenyewe, NV Productions. Yaani mwigizaji maarufu kuliko wote nchini, msichana wa miaka 23, alitoa fedha zake kumwezesha mwandishi ambaye jina lake halikuwa kubwa, atengeneze filamu ambayo mhusika mkuu anampenda aliyembaka kisha anauawa. Angeweza kuendelea na filamu za nyimbo na vijana wanaotongozana ufukweni, zilizomjengea jina. Alichagua hii.

Kwa wasiomjua: alizaliwa 1953 huko Iriga, mkoa wa Camarines Sur, katika familia ya hali ya chini. Utotoni aliuza maji kwa abiria kwenye stesheni ya treni. Akashinda shindano la uimbaji la Tawag ng Tanghalan mwaka 1967. Alikuwa mfupi, mwenye ngozi ya kahawia, na aliingia kwenye tasnia ambayo nyota wake wa kike walikuwa machotara weupe, warefu, wenye sura za Kihispania. Wananchi wa kawaida walimpenda kwa sababu alifanana nao. Kwa kazi hii alishinda tuzo ya Gawad Urian ya mwigizaji bora wa kike, mwaka wa kwanza kabisa wa tuzo hizo, zinazotolewa na wahakiki.

Mtazameni macho. Kuna sehemu ndefu ambazo Rosario hasemi chochote, na bado unajua lini chuki imepungua, lini imerudi, lini amechoka tu. Mwigizaji mwingine angelia. Yeye anatazama.

Msafiri wa Muscat

Wadau, mimi niko Oman, nafanya kazi na Wafilipino wengi, huku tunawaita kabayan kama wenyewe wanavyoitana. Aprili 2025 Nora alipofariki, mama mmoja mtu mzima tunayefanya naye kazi alishindwa kabisa kuendelea siku hiyo. Alikuwa anamwita Ate Guy, ate ni dada mkubwa kwao. Akaniambia huyo hakuwa mwigizaji tu, alikuwa mtu wetu sisi tunaofua na kupika kwenye nyumba za watu.

Yeye ndiye aliyenionyesha ile ya Flor Contemplacion ya 1995, kisa cha kweli cha mfanyakazi wa ndani aliyenyongwa Singapore mwaka huohuo. Kwa dada zetu walioko huku Ghuba ile filamu inauma. Hii ya vita sikuijua. Nitamuuliza kesho.

Kalamu ya Usiku

Asante sana mkuu kwa hilo. Na muulize kama wazazi wake waliwahi kumsimulia habari za miaka ya Wajapani. Nitafurahi ukituletea majibu.

BintiMtwapa

Nimesoma na nimekasirika, na nitasema kwa nini.

Hadithi ya mwanamke kubakwa halafu akampenda mbakaji tumeisikia mara nyingi mno. Tunaisikia kwa mashangazi zetu, tunaisikia kwenye vikao vya ukoo ambako msichana anaambiwa "si atakuoa, basi yaishe". Wewe kaka unatuletea kama kitu kipya, eti mapenzi ya mwiko. Mwiko hapo ni upi? Kwamba jamaa ni Mjapani? Angekuwa Mfilipino, mngeona harusi yao haina tatizo?

Sisemi filamu ni mbaya, sijaiona. Nasema hilo jina la "filamu ya mapenzi" linasafisha kitu ambacho hakisafishiki.

Mjukuu wa Keya

Dada amegusa penyewe.

Kalamu ya Usiku

Dada BintiMtwapa, hoja yako ni nzito na sitaipita juu juu.

Kwanza, hilo la vikao vya ukoo limo ndani ya filamu, karibu kwa namna hiyohiyo ulivyolisema. Wazazi wa Rosario wanafika mahali wanaona heri huyu mwanaume, ana chakula na ana uwezo wa kumlinda. O'Hara hawachori kama watu wabaya, ila pia hawapi haki. Unawaona wakipiga hesabu: binti ana mimba, njaa iko mlangoni, mzee ametoka gerezani juzi kwa hisani ya mtu yuleyule. Kila mlango ambao Rosario angeutumia kutoka, umefungwa kabla hajaufikia. Nadhani ukiitazama utaona kwamba mwandishi anakubaliana na wewe zaidi ya unavyodhani.

Pili, ulilouliza kuhusu Mjapani. Hapo ndipo filamu inapochoma. Mji haukumchukia Rosario kwa sababu alibakwa, wala haukumhurumia. Ulimchukia kwa sababu aliolewa na upande usiofaa. Yale maumivu ya mwanzo hayakumhusu mtu yeyote. Angekuwa Mfilipino, mji ungecheza kwenye harusi. O'Hara analijua hilo na analiweka wazi.

Ila hapa tutatofautiana: mimi naamini upendo wa Rosario, ulipokuja, ulikuwa wa kweli. Sisemi ulikuwa wa haki. Nasema ulikuwepo. Filamu inakulazimisha kukaa na vitu viwili pamoja bila kukuruhusu kuchagua kimoja, na wengi tunataka kuchagua kimoja ili tulale usingizi.

BintiMtwapa

Nimekuelewa, lakini bado. Mapenzi yanahitaji mtu aweze kusema hapana. Rosario alisema hapana usiku ule na haikusikilizwa. Alisema hapana kwa chakula, njaa ikamjibu. Alipobaki na neno ndiyo peke yake, hilo si penzi, hiyo ni kujiokoa. Kujiokoa si aibu, lakini tukuite kwa jina lake.

Na kuna jambo mmeliacha. Wakati wa vita hivyo wanawake wa Kifilipino walishikwa na jeshi la Japani wakageuzwa watumwa wa ngono. Maria Rosa Henson alikuwa kigori mwaka 1943 aliposhikwa, akafungiwa miezi 9 akibakwa kila siku. Alikaa na siri hiyo hadi 1992, alipokuwa Mfilipina wa kwanza kusimama hadharani akasimulia. Miaka karibu 50 ya kimya! Na walipoweka sanamu ya kuwakumbuka wanawake hao Roxas Boulevard, Manila, Desemba 2017, iliondolewa Aprili 2018. Ndiyo maana sitaki habari ya ofisa aliyetubu akageuka mume mwema. Wengi hawakutubu, na serikali zao zilitaka wanawake wanyamaze.

Kalamu ya Usiku

Hapo umesema kitu ambacho hakuna anayeweza kukibishia, na ni vizuri kimeandikwa kwenye uzi huu. Nitaongeza moja tu: filamu ilitoka 1976, miaka 16 kabla Henson hajazungumza. Wakati huo ilikuwa nadra wanawake hao kutajwa hadharani. Filamu kuanza na ubakaji wa mwalimu wa shule, na kumweka yeye katikati badala ya mashujaa wenye bunduki, kwa wakati ule ilikuwa kufungua mdomo. Haikufungua wote, sawa.

Mraibu wa Filamu

Swali la mtu asiyejua historia: huyo Masugi mwenye damu mbili, ni kitu walichotunga ili hadithi inoge au watu kama hao walikuwepo?

Kalamu ya Usiku

Walikuwepo, na wengi. Kabla ya vita kulikuwa na Wajapani wapatao 20,000 huko Davao, kusini, kisiwa cha Mindanao. Walilima abaka, mmea wa jamii ya migomba unaotoa nyuzi za kamba ngumu za meli. Baadhi ya wanaume walioa wenyeji na wakazaa. Vita vilipoanza, watoto hao wakajikuta katikati. Waliozungumza lugha zote mbili walichukuliwa na jeshi kama wakalimani, wengine wakavaa sare.

Baada ya 1945 baba zao walirudishwa Japani, mama wakabaki na watoto wenye majina ya Kijapani katika nchi ambayo jina la Kijapani lingeweza kukuua. Wakayabadilisha majina. Wakachoma vyeti vya ndoa na picha. Matokeo yake, miongo mingi baadaye, wazee wengine walikuwa hawana uraia wa nchi yoyote, wakawa wanaomba mahakama za Japani ziwatambue kwamba baba zao walikuwa Wajapani. Kwa hiyo mtoto wa Rosario na Masugi hakubuniwa. Kama mtoto wa namna ile angekua, hayo ndiyo maisha yake.

Ngoja niwaelezee kitu kingine ili muelewe hasira ya mji, maana bila hiki wananchi wanaonekana makatili bure.

Jeshi la Japani lilikuwa na desturi ya kuzingira mji au kijiji, wanaume wote wakakusanywa kanisani au uwanjani. Kisha analetwa mtu mmoja amefunikwa kichwa kwa bayong. Bayong ni kikapu cha majani cha kwenda nacho sokoni, kila nyumba ilikuwa nacho. Kimetobolewa matundu mawili ya macho. Watu wanapitishwa mbele yake mmoja mmoja. Hasemi. Akitikisa kichwa au akinyoosha kidole, yule aliyeonyeshwa anatolewa kwenye mstari na mara nyingi hakurudi nyumbani tena. Aliyevaa kikapu alikuwa jirani. Mtu aliyekufundisha katekisimu, aliyekuuzia samaki. Na ulikaa ukitazama miguu na vidole vyake ukijaribu kumtambua.

Mwishoni mwa 1944 likaundwa na kundi lenye silaha la Wafilipino waliokuwa upande wa Japani, Makapili, nao wakakumbukwa kwa kikapu hichohicho. Ukiishi miaka mitatu hivyo, chuki haiendi tena kwa jeshi tu. Inakwenda kwa kila mtu aliyewahi kula chakula chao. Rosario alikula.

Mjukuu wa Keya

Mkuu hapo kwenye kikapu umenitetemesha.

Babu yangu mzaa baba alikuwa keya, yaani askari wa King's African Rifles, alipelekwa Bama (Burma, sasa Myanmar) mwaka 1944 na divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakashuka bonde la Kabaw kwenye mvua wakiwafukuza Wajapani hadi Kalewa. Alitusimulia matope, malaria na nyumbu waliobeba mizigo. Mjapani kwake alikuwa mtu aliyejificha kwenye handaki hakubali kutoka. Nimekua na picha hiyo tu ya vita vile. Kwamba kulikuwa na miji mizima ambako watu waliishi na jeshi hilo miaka mitatu, wakiuziana nalo, wakiogopana wenyewe kwa wenyewe, hilo sikuwahi kuliwaza.

Kalamu ya Usiku

Mungu amrehemu mzee. Kama kuna mtu kwenye ukoo aliyeandika au kurekodi masimulizi yake, yatunzeni, na uzi wake nitausoma wa kwanza.

Sasa nifike kwenye lile nililoahidi, la nani analipa.

Wajapani waliingia Manila tarehe 2 Januari 1942. Rasi ya Bataan ikaanguka Aprili 9, ngome ya kisiwa cha Corregidor Mei 6. Oktoba 1943 wakaweka serikali ya "jamhuri" chini ya José Laurel. Ndani yake walikuwemo mawaziri, majaji, wenye mashamba makubwa, yaani tabaka lilelile lililotawala chini ya Wamarekani. Wengine walisema walikubali ili wawakinge wananchi, na huenda baadhi yao walimaanisha. Jenerali MacArthur wa Marekani akatua kisiwa cha Leyte Oktoba 20, 1944. Februari 1945 vikapiganwa vita vya Manila, na raia wapatao 100,000 wakafa ndani ya mwezi mmoja, wengine kwa mikono ya Wajapani, wengine kwa mizinga ya Wamarekani.

Vita vikaisha. Mahakama ya Wananchi ikaundwa kuwashtaki washirika wa Japani. Laurel alifunguliwa mashtaka 132 ya uhaini. Hayakufika mwisho. Rais Manuel Roxas, ambaye naye alikuwa na cheo katika serikali ile ya Laurel, alitangaza msamaha Januari 28, 1948 kwa walioshirikiana na Wajapani kisiasa na kiuchumi. Mwaka uliofuata Laurel akagombea urais, akashindwa. Mwaka 1951 akachaguliwa seneta kwa kura nyingi kuliko mgombea mwingine yeyote.

Sasa rudini kwa Rosario. Mwalimu wa shule, hana cheo, hakusaini sheria, hakuvaa bayong, hakumtaja mtu. Kosa lake ni ndoa. Angengoja hadi 1948, labda na yeye angesamehewa, lakini watu wa tabaka lake hawakuwa na mawakili wa kuwangojea. Kwao hukumu ilitolewa barabarani, siku ya kwanza ya ushindi. Filamu haitaji Laurel wala Roxas mahali popote. Mfilipino aliyeketi ukumbini mwaka 1976 hakuhitaji kutajiwa.

Mraibu wa Filamu

1976 si ndiyo enzi za Rais Marcos? Waliruhusuje kitu kama hicho?

Kalamu ya Usiku

Swali hilo hata mimi linanitatiza. Marcos alitangaza utawala wa kijeshi Septemba 1972, na miswada ya filamu ilibidi ipite kwa wakaguzi kabla ya kupigwa picha. Tena Marcos mwenyewe alijenga siasa zake juu ya madai kwamba alikuwa shujaa wa msituni dhidi ya Wajapani, kamanda wa kikosi alichokiita Maharlika, mwenye medali lukuki. Uchunguzi wa jeshi la Marekani ulikuwa umeshayakataa madai hayo zamani kuwa ni ya udanganyifu, ila nyaraka zilianikwa gazetini Januari 1986, wiki chache kabla hajaangushwa.

Kwa hiyo nchi inaongozwa na mtu anayedai utukufu wa wapiganaji wa msituni, halafu inakuja filamu ambayo wapiganaji hao wanashuka mjini na kuua watu wasio na silaha. Tafsiri yangu ni kwamba iliponea kwa sababu ilionekana kisa cha wapenzi na cha vita vya zamani. Wakaguzi walitafuta maneno dhidi ya serikali, hayakuwemo. Lilikuwemo swali kuhusu watu wanaopewa bunduki na kuambiwa wao ndio haki, na swali hilo halikuwa la 1945 tu.

Msafiri wa Muscat

Nimerudi. Nimemuuliza yule mama. Amesema bibi yake alikuwa akihifadhi zile noti za Wajapani ndani ya sanduku, walikuwa wanaziita pesa za Mickey Mouse kwa sababu hazikuwa na thamani, unakwenda sokoni na kikapu cha noti unarudi na chakula cha mfukoni. Bibi alikataa kuzitupa hadi alipokufa. Kuhusu filamu, aliiona akiwa msichana, na anachokumbuka zaidi ni kwamba wanawake ukumbini walibishana wakati wa kutoka. Wengine walimtetea Rosario, wengine walisema alijitakia. Ni kama humu.

BintiMtwapa

Alijitakia! Hebu ona. Mpe salamu zangu mama huyo, mwambie mimi nimo upande wa waliomtetea.

Mwalimu Mstaafu

Vijana, nimewasoma kwa utulivu. Mbona hamumtaji Crispin? Kwa mwalimu mwenzangu Rosario nimesikitika, lakini yule mchumba naye aliacha nyumbani kwa nia njema, akarudi akakuta nafasi yake imechukuliwa na mtu aliyekuwa akipigana naye. Si mtu mbaya.

Kalamu ya Usiku

Shikamoo mwalimu. Ni kweli, nimemnyima haki yake. Crispin anarudi akiwa mtu mwingine, vita vimemla. Filamu nyepesi ingemfanya mkombozi anayekuja kumchukua mwanamke wake, au mwivu anayelipiza kisasi. O'Hara hakumfanya hivyo. Aliondoka kwa sababu ya nchi, akarudi nchi ikiwa imeshinda na kila alichokuwa akikipigania kimekufa au kinakaribia kufa mbele yake. Bembol Roco mwaka mmoja kabla alikuwa ameigiza Maynila ya Lino Brocka, na ile sura yake ya mtu aliyechelewa kila mahali inafaa hapa kuliko maneno.

Na Francis, yule daktari, msimpite. Ameigizwa na Peque Gallaga, ambaye miaka 6 baadaye aliongoza filamu yake mwenyewe ya vita hivyohivyo, Oro, Plata, Mata, kuhusu familia tajiri za Negros. Francis yupo kwenye nyumba ile usiku wa tukio. Anajua. Anabaki rafiki wa wote. Mimi huyo ndiye anayeninyima usingizi zaidi, daktari mpole aliyekuwepo.

Mjukuu wa Keya

Kama ni kali hivi, mbona haijulikani? Mbona ukitafuta filamu bora za Ufilipino unapewa waongozaji Brocka na Bernal tu?

Kalamu ya Usiku

Sababu mojawapo ni hii. Mwaka huohuo wa 1976 O'Hara alishiriki kuandika Insiang, iliyoongozwa na Lino Brocka. Mwaka 1978 Insiang ikawa filamu ya kwanza ya Kifilipino kuonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, na dunia ikamjua Brocka. Alistahili, hakuna ubishi. Lakini mwandishi aliyekuwa ubavuni mwake, ambaye kwa mkono wake mwenyewe alikuwa ameongoza kazi ya kiwango hichohicho, akabaki kivulini. Tena O'Hara hakuwa mtu wa kujitangaza. Alitoka kwenye michezo ya redio na jukwaa, akaendelea huko hadi alipofariki 2012.

Sababu nyingine ni nakala. Kwa miaka mingi waliotaka kuiona waliipata kwenye kanda chakavu, giza tupu, na nusu ya filamu hii ni usiku na taa za mafuta. Mpiga picha wake, Conrado Baltazar, ni mmoja wa wakubwa wa nchi ile, sasa fikiria kazi yake inaonekana kama masizi. Kampuni ya habari ya ABS-CBN wakaja kuisafisha kupitia mradi wao wa kuokoa filamu, Sagip Pelikula. Ukiitafuta, hakikisha umepata hiyo iliyosafishwa. Ile ya zamani itakudanganya kuhusu uzuri wake.

Mraibu wa Filamu

Baada ya hii niende ipi ya O'Hara?

Kalamu ya Usiku

Rudi nyuma hadi 1974, Tinimbang Ka Ngunit Kulang. Brocka aliongoza, O'Hara aliandika muswada na pia akaigiza Berto, mkoma anayeishi makaburini nje ya mji. Anapendana na Kuala, mwanamke aliyerukwa na akili baada ya mheshimiwa mmoja wa mji kumpa mimba na kumlazimisha kuitoa. Hao wawili wanatengeneza nyumba yao, na mji unaoenda kanisani kila Jumapili hauwezi kuvumilia. Ukizitazama hizi mbili pamoja utaona O'Hara alikuwa na jambo moja moyoni: watu wawili waliotupwa wakajaribu kupendana, na mji ukaja na mienge.

Dada BintiMtwapa, hiyo nadhani utaikubali bila ugomvi. Kuala na Berto wanachaguana wenyewe.

BintiMtwapa

Hiyo nitaanza nayo wikendi hii. Kisha nitaitazama na ya Rosario, maana siwezi kuendelea kubishania kitu nisichokiona. Lakini sikilizeni, nikiitazama na bado nikaona Masugi amesamehewa kwa bei rahisi, nitarudi hapahapa na hoja zangu zote, tena kwa dakika na sekunde.

Kalamu ya Usiku

Karibu sana dada. Ukifika pale Masugi anapoleta chakula mara ya kwanza, mwangalie Rosario, usimwangalie yeye. Tutaanzia hapo.